Mama Ishara wa Benchi la Tatu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, saa kumi jioni, karani mkuu wa ofisi ya kanisa letu atafunga droo ya meza yake na kukabidhi funguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya utumishi. Katika jalada lake ameandikwa kuwa mpiga chapa, kisha karani, kisha karani mkuu. Hakuna mahali palipoandikwa kuwa ni mkalimani wa viziwi, kwa sababu kazi hiyo hakuajiriwa kuifanya na hakuwahi kuiombea cheo. Lakini ukifika getini ukamuulizia karani mkuu, bawabu atakuna kichwa. Muulizie Mama Ishara, utasindikizwa mpaka mlangoni.

Nimekaa naye chumba kimoja miaka ishirini na miwili, meza zetu zikitazamana, katikati feni moja ambayo yeye huitaka izimwe na mimi huitaka iwake. Kamati ya maandalizi iliponipa kazi ya kuandika wasifu huu ilinisihi niuchangamshe. Nimejaribu. Palipobaki pazito mnisamehe.

Alikuja kufanya jaribio la kupiga chapa akiwa na umri wa miaka ishirini na tisa, mjane wa miezi miwili, na binti wa miezi mitano mgongoni. Waombaji walikuwa sita. Mchungaji wa wakati huo alisoma kwa sauti, wao wakagonga mashine. Katikati mtoto akaangua kilio. Mama hakuacha kupiga. Alianza kuyumba kwenye kiti, mbele na nyuma, mpaka mtoto akanyamaza, na karatasi yake ikatoka na kosa moja tu. Mchungaji yule alisimulia hadi anastaafu kwamba siku ile aliajiri watu wawili kwa barua moja.

Mwaka uliofuata ndipo alipomwona fundi viatu. Kibanda cha fundi huyo kilikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la kanisa. Kila Jumapili alifunga kibanda, akavuka, akaketi benchi la mwisho karibu na mlango, na ibada ilipokwisha akaondoka jinsi alivyoingia. Watu walimwita mzee wa maringo kwa kuwa haitikii salamu. Mama Ishara ndiye aliyegundua kwamba hasikii kitu, bali anatazama midomo ya watu na kuinuka wanapoinuka.

Alianza kupeleka viatu kushonwa. Kwa kuwa alikuwa na jozi moja tu, na viatu havikuharibika haraka alivyotaka, alikuwa akivibandua soli mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Fundi alivipokea mara kumi na moja msimu mmoja, akajua, akaendelea kuvishona. Kila safari alimfundisha ishara mbili tatu: maji, kesho, mtoto, asante. Siku Mama Ishara alipojiona amehitimu, alisimama mbele ya kibanda akamwambia kwa mikono kwamba Mungu anampenda. Alikosea kidole kimoja. Alichomwambia ni kwamba Mungu amemchoka. Fundi alimkodolea macho, akaangusha nyundo, akacheka mpaka akafuta machozi kwa aproni.

Baada ya hapo alitumia likizo zake mbili mfululizo katika shule ya viziwi, akijifunza pamoja na watoto wa darasa la kwanza. Aliporudi, alisimama mbele ya benchi la tatu upande wa kushoto, mgongo ukutani, akaanza kuyatoa mahubiri kwa mikono. Kwenye benchi alikuwa fundi viatu peke yake. Hawakukosekana wa kulalamika. Mzee mmoja wa kanisa alimwambia mbele ya watu, "Sisi tunakuja kulisikiliza Neno, si kuangalia mikono ya mtu."

"Na huyu, mzee, anakuja kuliangalia," alijibu Mama Ishara, akaendelea kukunja kanga ya mwanawe.

Fundi viatu alimleta mkewe, fundi cherehani, naye kiziwi. Wakaja maseremala wawili, mtu na mdogo wake. Akaja msusi. Kufikia mwaka wa tano walikuwa tisa, na baada ya ibada walibaki kusoma Biblia pamoja. Hapo ndipo fundi viatu alipofunua jambo alilolibeba tangu utoto. Alikuwa na Biblia, alijua kusoma, na kwa miaka mingi alisoma na kusali peke yake. Na peke yake alikuwa ameshajiamulia kwamba Mungu alimfunga masikio kwa kosa la baba yake. Hakuwahi kumwuliza mtu, maana hakuwa na mtu wa kumwuliza. Yule seremala mkubwa alimfuatilia mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa mikono, "Mimi na mdogo wangu hatusikii sote wawili, na baba yetu ni shemasi. Sasa tumlaumu nani?" Mama Ishara husema siku ile ndiyo aliyoelewa kwa nini watu huambiwa wakusanyike. Mtu aliye peke yake na Mungu, husema, anaweza kukosea miaka arobaini na asipate wa kumgusa bega.

Nilimwuliza kama niandike habari za binti yake, au nizipite. Alifikiri, akasema, "Andika, mdogo wangu. Bila yeye hiyo ni habari ya kazi tu."

Binti huyo alikulia kwenye benchi la tatu. Alianza kusema kwa vidole kabla ya kusema kwa kinywa, na viziwi, ambao humpa kila mtu jina la ishara, walimpa lake: kidole cha shahada kwenye shavu, mahali palipokuwa na kishimo akicheka. Ofisini alikuwa akipita mchana kutoka chuo cha ushonaji, anamsumbua mama yake ampe embe lake la akiba, ananiita mjomba. Miaka kumi na miwili iliyopita aliugua Jumatatu, akafariki Alhamisi. Alikuwa na miaka kumi na tisa, na hakuwa na ndugu wa tumbo moja.

Ibada ya mazishi ilifanyika hapa hapa. Mchungaji alipoanza kusema, Mama Ishara aliinuka alipokuwa ameketi na ndugu zake, akatembea mpaka mahali pake pa siku zote mbele ya benchi la tatu, akainua mikono. Nadhani hakujua anachofanya. Hakukuwa na mkalimani mwingine, na watu wale tisa walikuwa wamekuja kumzika mtoto wao. Alitafsiri salamu. Alitafsiri sala ya kwanza. Kisha mchungaji akalitaja jina la marehemu, na Mama Ishara akapeleka kidole shavuni, na kidole kikabaki pale. Kanisa zima lilimwona. Hakuna kati yetu sisi tunaosikia aliyejua la kufanya.

Fundi viatu aliondoka kwenye benchi. Alimshika mikono yote miwili, akaishusha taratibu, akamkalisha katikati yao, kisha akawageukia wenzake, akawaambia jambo ambalo mkewe alituandikia baadaye: "Leo hatutaki kuelewa. Leo tunakaa naye." Wakakaa hivyo mpaka mwisho, watu tisa wasiojua neno hata moja la yaliyosemwa, wameegemeana.

Baada ya mwezi mmoja alirudi kazini. Kanisani hakurudi. Jumatatu mpaka Ijumaa alikuwa hapa, anapiga barua za ubatizo na za ndoa, lakini Jumapili alibaki kwake. Nilipomwuliza, aliniambia, "Mungu yuko na nyumbani kwangu." Niliona nimheshimu, nikanyamaza. Mchungaji naye akanyamaza, na wazee vilevile. Kila mmoja wetu aliuita ukimya wake heshima, na miezi saba ikapita.

Baadaye sana alinieleza miezi ile ilivyokuwa. Alisali kila asubuhi, hakuacha. "Lakini sala yangu ilisinyaa," alisema. "Mwanzo nilikuwa naomba habari za watu. Kisha zangu. Mwisho likabaki swali moja tu, na swali lenyewe nilikuwa nimeshalijibu. Nikawa najisikiliza mwenyewe nikidhani ninasali."

Wakati huohuo benchi la tatu halikupungua mtu. Kila Jumapili watu tisa waliingia, wakaketi kwa saa mbili mbele ya ukuta mtupu, wakatoka. Ilimwumiza mchungaji kuwaona. Aliniagiza niandike barua ya kuwaeleza kwamba wasijisumbue mpaka apatikane mkalimani. Niliiandika mimi, kwa lugha nzuri, na niliipeleka mimi kibandani. Fundi viatu aliisoma, akaigeuza, akaandika nyuma kwa penseli yake ya kuchorea soli: "Hatuji kwa mahubiri peke yake. Tunamshikia nafasi. Siku akirudi asije akakuta watu wengine wameketi."

Niliiweka karatasi ile juu ya meza ya Mama Ishara. Aliisoma, akaitia kwenye droo, akauliza kama nimeshapiga muhuri barua za wiki ile.

Jumapili ya tatu baada ya hapo alikuja. Hakusimama ukutani. Aliketi kwenye benchi, kati ya fundi cherehani na msusi, mikono mapajani, na hakutafsiri hata amina. Akaja tena iliyofuata, na iliyofuata. Hakuna aliyemhimiza. Jumapili ya sita, wakati wa wimbo, fundi cherehani aliona vidole vya mwenzake vinacheza juu ya sketi, vinafuata maneno. Akamgusa goti. Wakatazamana. Mama Ishara akaendelea hivyo hivyo, ameketi, kwa ishara ndogo za mapajani, na watu tisa wakainama kumsoma.

Sitaki kudanganya kwamba alirudi amepona. Hajawahi kusema kwamba alipata jibu. Alichosema ni kwamba kuna siku hakuwa na imani yoyote ya kwake, akaketi akitumia ya wenzake, na hakuna aliyemnung'unikia.

Miaka mitatu iliyopita vidole vilianza kupinda kwa baridi yabisi. Ofisini nilichukua kazi yote ya kompyuta, yeye akabaki na simu na wageni, na kunisahihisha. Kanisani aliendelea. Ishara zake zikawa za kukatika, lakini benchi la tatu lilizielewa jinsi watu wa nyumba moja wanavyoelewa kigugumizi cha ndugu yao. Katika muda huo amemfundisha muuguzi mmoja wa hapa kanisani, ambaye sasa ndiye anayesimama ukutani. Anafanya vizuri, ingawa mwezi uliopita aliwatangazia kwamba kwaya imeliwa badala ya kwamba kwaya itakula.

Mwezi wa pili mwaka huu fundi viatu alilazwa. Mama Ishara alikwenda kila siku saa ya kuwaona wagonjwa, akasimama kati ya kitanda na daktari, akatafsiri yaliyokuwa magumu kuyasema kwa mikono mizima, sembuse ile yake iliyopinda. Siku ya mwisho fundi alijaribu kumwambia kitu. Mkono wake haukuwa na nguvu ya kuinuka. Mama Ishara alimwomba arudie, hakuelewa. Alimwomba tena. Ndipo mkewe alipokuja, akautegemeza mkono wa mumewe kwa kukishika kiwiko, na fundi akarudia neno moja: "Pumzika." Si yeye aliyekuwa akiaga kwenda kupumzika. Alikuwa akimwambia Mama Ishara.

Tulimzika Jumamosi. Jumatatu nilikuta barua ya kuomba kustaafu juu ya meza yangu, imeandikwa kwa mkono, herufi kubwa zilizolala kila upande.

Anahamia kwa mdogo wake wa kike, mji mwingine, kwa sababu hawezi tena kufunga vifungo vyake mwenyewe. Huko hamjui mtu zaidi ya shemeji na wapwa. Juzi, tukipanga majalada, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba anaziogopa Jumapili za huko. Hajui kukaa kanisani bila kazi, na ana umri wa miaka sitini, na kuanza kuzoeana na watu upya ni kazi ya vijana.

Kila muumini anayehama hupewa barua ya utambulisho kwa kanisa aendako, na kuiandika ni kazi yangu. Nimeandika mamia ya barua hizo, mistari minne kila moja. Ya Mama Ishara imenishinda mara tatu. Ya nne ndiyo iliyotiwa sahihi, na kwa ruhusa ya mchungaji nainukuu sehemu yake: "Tunawaletea dada yetu. Ametumika kwetu vya kutosha, kwa hiyo msimpe kazi. Mpeni mahali pa kukaa, katikati ya watu. Na Jumapili mtakayomkosa, tafadhali msiseme anapumzika. Nendeni kwake siku hiyohiyo. Sisi tulichelewa miezi saba."

Dada, kwa niaba ya ofisi, ya wazee, na ya wale tisa wa benchi la tatu, ambao sasa wamebaki watano, asante. Tunakuombea vidole visiume asubuhi, majirani wenye subira, na mtu wa kukugusa goti wakati wa wimbo. Uende salama, na ukifika utuandikie, hata kwa mkono wa mtoto wa mdogo wako. Tutajua ni wewe.