Sanduku la Ukungu Kwenye Kona ya Kahawa

Kona yangu ya kahawa iko nyuma ya soko, hapa mjini Dese, na wenye viti vyangu vifupi wanajulikana: Jenerali, ambaye jeshini alikuwa mpishi, na Redio, asiyezimika. Siku ile Mwalimu Woinshet alituletea sanduku la kioo alilolitengeneza mwenyewe. Juu kitambaa kilicholowa spiriti, chini bati jeusi lililokalia barafu kavu aliyoiomba kwa watu wa chanjo. Alisema mvuke ukipoa humo, vitu vidogo mno vitokavyo angani vitapita na kuacha nyuzi za ukungu, tuzione kwa macho yetu. Mkuu wa shule alishamwambia: watu wa mtaani wasipoona kitu leo, sanduku linarudi stoo.

Tukaona ukungu mtupu, kama supu.

Jenerali akasema hilo ni wingu la mkoa wetu wa Wollo limenaswa, ndiyo maana mvua zimechelewa.

— Mwalimu, fungulia wingu la watu, — Redio akadakia. — Shayiri inakauka huko.

Kila Mwalimu alipofungua kuongeza spiriti, ukungu ulizidi. Barafu nayo ilikuwa inaisha. Mara akakikazia macho chetezo changu.

— Emama, — akaniita, kama wamwitavyo mama mtu mzima, — ni ubani wako. Moshi unaingia humu.

Wote wakanigeukia. Kahawa bila ubani? Mama yangu angenikana. Jenerali akanung'unika kwamba hiyo itakuwa si kahawa, ni maji meusi. Nikamwambia ayanywe basi hayo maji. Nikakifunika chetezo, nikatandaza gabi langu, shuka zito la pamba, juu ya sanduku kuzuia jua. Mwalimu akalifuta, akalifunga upya, tukachungulia chini ya gabi, tukangoja.

Uzi mweupe ukapita, mwembamba kama pamba inayosokotwa. Ukaja mwingine, mfupi, mnene. Mwingine ukapinda kona. Redio akalitangazia soko zima. Wauza nyama wakaacha visu, wanawake wakatoka sokoni, foleni ikafika barabarani.

Mkuu wa shule, Demissew, ambaye kwa heshima ya uzee tunamwita Gashe, akaikuta foleni hiyo. Akainama chini ya gabi mpaka kahawa yake ikapoa.

— Hiki kilichopita sasa hivi, kimetoka wapi?

— Angani, Gashe.

— Angani ni pakubwa, binti yangu. Wapi?

Woinshet akakifuta kioo kwa ncha ya gabi.

— Hilo bado hakuna anayelijua, Gashe.

— Basi sanduku haliendi stoo mpaka tujue, — akasema, akavuta kiti, akainama tena.