Dirisha la Kumi na Moja

Siku ile kijiweni walikuwepo Redio, fundi viatu, aliyeitwa hivyo kwa sababu hazimiki. Dakika, fundi saa, ambaye hajawahi kufika popote kwa wakati. Mzee Gia, aliyeendesha malori ya mizigo mpaka mgongo wake ukakataa. Na Mama Pacha, muuza kahawa, pacha mmoja akiwa mgongoni na mwenzake amelala ndani ya boksi chini ya meza. Wa tano alikuja baadaye. Ilikuwa saa tisa alasiri. Katikati ya benchi palikuwa na trela la bati lenye urefu wa mkono, na juu ya trela palikuwa na ndege.

Trela na ndege, Gia alivitengeneza mwenyewe kuanzia mwanzo. Matairi yalikatwa kwenye kandambili alizoletewa na Redio. Mnyororo wa kufungia mzigo ulitoka kwenye saa ya mfukoni ya Dakika. Mwili wa ndege ulikuwa makopo mawili ya maziwa ya pacha. Mama Pacha aliyaosha na kuyakausha kwa mkono wake, na kila alipoliangalia tumbo la ile ndege alikumbuka miezi ambayo ziwa lake lilikataa kutoa. Mabawa yalikuwa yametolewa na kulazwa ubavuni, maana ndivyo ndege inavyosafirishwa barabarani. Kilichobaki ni mkia. Kifuniko chake kilikuwa mkononi mwa Gia, kikisubiri gundi.

— Mzee, funga mkia tunywe, alisema Redio. Wiki ya tatu hii. Hata ndege zenyewe hazichukui muda huu.

— Sifungi.

— Gundi imeisha?

— Gundi ipo. Kuna jambo halijakaa sawa.

Wote walijua kwamba daktari wa macho alimwambia Gia mwaka hautaisha naye akiwa anaona. Ndiyo maana Dakika alimpa ile lenzi yake ya kubana jichoni, akadai anayo nyingine nyumbani. Hakuwa nayo. Mama Pacha alimwona siku zote hizo akizisogeza saa za watu mpaka puani.

— Ndege hii niliibeba kweli, alisema Gia. Miaka kumi na tisa sasa. Ilikuwa mbovu, naipeleka yadi ya vyuma chakavu. Siku tatu njiani, peke yangu. Wakati nafunga minyororo nikahesabu madirisha ya ubavu wa kushoto. Kumi na moja.

— Haya.

— Mchana wa kwanza jua likanizidi. Nikaegesha, nikaingia ndani ya ndege nijinyooshe. Nikahesabu tena ubavu uleule. Kumi.

— Ulikuwa umechoka, kaka, alisema Dakika.

— Nilihesabu mara tatu, kwa kidole. Nikatoka nje, kumi na moja. Lile la mwisho, karibu na mkia, limeshushwa kipazia. Nikarudi ndani. Mahali pake pana ukuta mtupu. Hauna mlango, hauna hata skrubu.

Akaigeuza ndege ili wachungulie madirishani. Gia ni mtu wa kutengeneza hata yale ambayo hayataonekana, kwa hiyo ndani mlikuwa na viti kumi vya maganda ya kiberiti, kila kiti na dirisha lake. Kisha ukaja ukuta wa kadibodi. Nyuma ya ukuta palibaki dirisha moja lisilo na kiti.

— Nilidhani nikiijenga kwa vipimo nitaona nilipokosea. Nimeijenga. Sioni.

— Choo hicho, alisema Redio.

— Choo kisicho na mlango? Wewe utaingilia wapi?

— Basi stoo. Watu wanaficha mali zao humo, nyinyi mnakaa mnahesabu madirisha.

— Mimi nasema, alisema Dakika, hicho ni chumba cha rubani wa akiba.

— Rubani gani anakaa mkiani?

— Ndiyo maana ni wa akiba.

Walicheka. Gia hakucheka. Mama Pacha alimwongezea kahawa ingawa kikombe chake kilikuwa bado nusu, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa.

— Siku ya pili kukawa na kugonga, alisema Gia.

— Kugonga wapi?

— Kwenye bati, huko nyuma. Mara tatu. Kimya. Mara tatu. Nikasema ni minyororo imelegea. Nikasimama, nikaikaza yote, nikaondoka. Mara tatu. Kimya. Mara tatu.

— Panya, alisema Redio.

— Panya anajua kuhesabu?

— Panya wa ndege huyo, shemeji. Ametembea, ameona dunia.

Dakika alikuwa akiikoroga kahawa yake isiyo na sukari.

— Au ni abiria, alisema taratibu. Alipanda enzi ndege inafanya kazi. Akaambiwa afunge mkanda, asinyanyuke mpaka atakapoambiwa wametua. Wenzake wakashuka. Yeye hakuna aliyemwambia.

— Kwa hiyo yuko angani mpaka leo?

— Kwa hesabu yake, ndiyo.

Redio alianza kucheka, akajikuta anacheka peke yake, akaacha. Mtoto mgongoni mwa Mama Pacha alijisogeza, naye akampigapiga matakoni mpaka akatulia.

— Siku ya tatu kipazia kilikuwa kimepanda, alisema Gia. Kidogo, kama upana wa kidole. Nilikiona kwenye kioo cha pembeni. Sikusimama tena. Niliwasha redio ya lori, nikaiongeza mpaka mwisho, nikaenda hivyo hivyo mpaka yadi. Nikashusha mzigo, nikasaini, nikaondoka. Sikumwambia mtu, hata marehemu mke wangu. Sasa sitaki mengi. Nataka mtu mmoja aniambie hapakuwa na mtu mle. Nifunge mkia huu nikiwa bado nauona.

Hakuna aliyemwambia. Redio, ambaye huruma yake hutokea mikononi kuliko mdomoni, alichukua msharasi wake wa kutobolea viatu akagonga bati la ndege kwa mpini. Mara tatu.

— Unaona? Bati tu hili.

Wote wakatega sikio. Mama Pacha aliona kwamba hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema, kwa sababu atakayesema asingeweza kusikia. Hata yeye alikuwa amezuia pumzi.

— Hodi hapo.

Kikombe cha Dakika kilimwagika. Aliyebisha alikuwa nesi, mgeni mtaani, bado amevaa sare, aliyefuata viatu vyake kwa Redio. Alikuwa amesimama nyuma ya benchi tangu habari ya kugonga, akiona aibu kuwakatiza.

— Hodi jamani, alirudia.

— Karibu, alisema Mama Pacha mwishowe. Karibu mdogo wangu, tusamehe.

Nesi hakuulizia viatu. Alimwangalia Gia, akaiangalia ndege, kisha akauliza kwa sauti ileile ya chini anayoulizia wagonjwa wake:

— Na wewe, baba, ulipogongewa, uliitikia?

Gia alikitazama kifuniko cha mkia kilichokuwa kiganjani mwake. Redio, aliye na jibu la kila kitu, alianza kutafuta viatu vya nesi ingawa vilikuwa mbele yake. Mama Pacha alinyanyua birika ili angalau amimine kitu. Halikutoa hata tone.

Kesho yake Gia alipanda basi la asubuhi kwenda kule yadi. Alirudi siku ya nne. Hakusema aliona nini, wala wao hawakumuuliza. Aliketi benchini, akabandua ule ukuta wa kadibodi, akaweka kiti cha kumi na moja.