Kitambaa cha Maua Saba

Basi liliondoka Kiirua ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya ngano, nami nilikuwa nusu usingizini. Mbele yangu mwanamke alikuwa akifuma kitambaa cha kochi polepole, huku akimsimulia abiria mwenzake, mama asiyemjua, sinema aliyoiona kwenye simu.

"Vijana wa huku waliitengenezea Nairobi, kwa nyumba ya rafiki yangu Kathambi. Ati bwana anatembea na rafiki ya mke wake. Mke akibisha hodi, jamaa anaruka nyuma ya kochi. Nilicheka mpaka machozi. Halafu nikaona vitambaa."

"Vitambaa gani?"

"Vyangu. Nilimfumia mzee wangu, baba watoto, anafanya kazi huko. Aliniambia viliibwa."

"Si vitambaa hufanana, mama?"

"Vyangu vina maua manane. Kimoja nilikosea, kikatoka na saba. Ndicho hicho."

"Pengine Kathambi aliuziwa na mwizi."

Hata mimi niliyejifanya nimelala sikumwamini huyo mwizi.

Basi likasimama Meru. "Na hicho ni cha nani?" mwenzake akauliza.

"Cha Kathambi. Nampelekea Nairobi leo," alisema, akikunja uzi taratibu. "Hiki nimekikosea makusudi."