Risala ya Wanamuziki wa Juru kwa Pacifique Aliyeacha Waragi

Imesomwa na Constance, katibu wa kikundi, kwenye uwanja wa Juru, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, Agosti 2014

Mgeni rasmi, ndugu yetu Pacifique. Maafisa wa shirika mliomleta. Viongozi wa kambi na wa zoni yetu ya Juru. Wachungaji, masheikh, wazazi na vijana wenzetu: tunawasalimu nyote, na tunawapa pole kwa jua. Sisi tulifika hapa asubuhi kama tulivyoambiwa. Wageni mmefika saa nane mchana. Basi karibuni, kununa hakutaturudishia asubuhi yetu.

Mgeni rasmi, afisa mmoja alituelekeza namna ya kuandika risala hii. Iwe fupi. Itaje masomo ya kazi na ya maisha ambayo kijana anaweza kuyapata kwa msanii maarufu aliyeushinda ulevi. Isiingie katika mambo ya binafsi. Tulijaribu, tukakaa siku nzima, tukashindwa kuandika hata sentensi moja juu ya ulevi wa mtu bila kugusa mambo yake ya binafsi. Kwa hiyo tumeandika yaliyotokea. Tunaomba utuvumilie, kama sisi tulivyokuvumilia.

KARIBU NYUMBANI

Bango lililofungwa pale mbele linasema wewe ni msanii wa kimataifa. Sisi tunakufahamu tangu ukiwa kijana wa kwaya aliyechelewa mazoezi kila mara na kuisingizia baiskeli. Tunajua unapenda majani ya sombe yasiyo na pilipili. Dada yako mkubwa, yaya Orpa, anajua zaidi yetu, lakini hutamwona kwenye meza kuu. Hakualikwa. Yuko nyuma ya hema anapika wali wa wageni. Tulipouliza kwa nini, tuliambiwa viti vimekwisha. Tunakukaribisha kwa niaba yake pia, kwa kuwa moshi umemzuia kuja mwenyewe.

HISTORIA YETU, AMBAYO NI YAKO

Kikundi cha Amka Juru kilianza mwaka 2003, wengi wetu tukiwa tumetoka Kivu Kusini bila chombo chochote cha muziki isipokuwa midomo. Nestor, jirani yako, alichukua kopo la mafuta ya kupikia, ubao na nyaya za breki za baiskeli, akatengeneza gita. Lililia vibaya sana, lakini lilikuwa gita. Wewe ukaimba. Tukalima shamba moja la maharage kwa pamoja, msimu baada ya msimu, mpaka tukanunua gita la dukani. Nestor akapiga, watu wa Rugaaga wakaanza kutuita kwenye harusi zao.

Mwaka 2007 tulikwenda Mbarara kurekodi kwa mzee Hudu, mwenye duka la kanda. Studio yake ilikuwa chumba cha nyuma kilichozungushiwa magodoro ya zamani. Uliimba ule wimbo wa bibi harusi anayegoma kuondoka kwao mpaka mahindi yavunwe. Mzee Hudu alicheka hadi akaharibu kanda, ikabidi turudie. Haukupita muda redio zikaupiga asubuhi na jioni. Vijana wa bodaboda wa Kaberebere waliuimba, hata wale wasiojua maana ya maneno yake.

Tulifurahi, mgeni rasmi. Hatukuwa na wivu. Baa moja ya Mbarara, ambayo hatutaitaja, ikakuchukua uwe mwimbaji wake kila mwisho wa wiki. Ilikupa chumba, chakula na kinywaji, na katika hivyo vitatu, kinywaji ndicho ambacho hakikupimwa. Mzee Hudu alikuonya mbele yetu, kwa Kiswahili chake cha dukani:

"Wewe, sikia. Mimi hapana kunywa, dini yangu inakataa, lakini macho iko. Hii watu nakupa pombe sababu hawataki wewe utoke hapa. Muziki yako ni kazi. Fanya kama kazi."

Ulimjibu ukicheka, "Mzee Hudu, miye niko najua kipimo yangu."

"Hata wale nalala kwa mtaro walijua kipimo yao," akasema, akarudi kwa wateja wake.

Hilo lilikuwa somo la kazi, mgeni rasmi, na lilitolewa bila kipaza sauti. Yeyote anayelitafuta leo, hilo hapo. Anayekulipa kwa chupa anakununua.

Mwaka 2010, kwenye harusi pale Kaberebere, uliyasahau maneno ya wimbo wako mwenyewe. Ulisimama, ukacheka, ukaiangukia meza ya keki. Watu walidhani ni mchezo wa jukwaani, wakapiga makofi. Nestor hakuacha. Alipiga wimbo mpaka mwisho bila mwimbaji, huku machozi yanamtoka, kwa sababu wenye harusi walikuwa wametuita kwa heshima. Baadaye ulikuja kuazima lile gita, na hatukuliona tena.

Kisha miaka miwili hatukukuona wewe pia.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu makubwa ni kwamba uko hai. Tunalisema hili wazi kwa sababu redioni unalisimulia kwa namna nyingine. Kila Jumamosi tunakusikia ukisema: "Asubuhi moja nilijitazama kwenye kioo, nikajiambia, Pacifique, imetosha. Na siku ile ile nikaacha." Mtangazaji anasema amina, halafu wanapiga muziki.

Mgeni rasmi, kioo gani? Nyumba ya yaya Orpa haikuwa na kioo. Hata sasa haina.

Yaliyotokea ni haya. Mzee Hudu alikukuta nyuma ya soko la Mbarara, miguu imevimba, umelala juu ya magunia. Mke wake, mama Zakiah, alikuosha uso, akakunywesha uji kwa kijiko, akampigia Orpa simu. Orpa alipanda lori la maharage akakufuata. Ulipofika Juru ulitetemeka mwili mzima, ukaona wadudu ukutani ambao hawakuwapo. Muuguzi aliyekuja kukuona alituambia kwamba mtu aliyekunywa namna ile hawezi kuachishwa ghafla bila dawa, anaweza kufa, na kwamba usiachwe peke yako. Tukagawana zamu. Baba Musoni, mwenye baiskeli, ndiye aliyekubeba kwenda kwa muuguzi, wewe ukimtukana njia nzima.

Ulipopata nguvu ulitoroka, ukaenda kunywa Rugaaga. Tukakurudisha. Ukatoroka tena na sufuria ya Orpa, ukaibadilisha na chupa ya waragi. Tukakurudisha. Wapo kati yetu waliosema basi, aachwe. Mara ya tatu Orpa alikukuta unafunga viatu, na sisi tulikuwa pale tunasikia.

"Enda," akakuambia. "Nimechoka kukufwata, magulu inaniuma. Lakini mulango sitafunga."

"Utaona sitarudia."

"Nimesikia. Mulango sitafunga."

Ulirudi mwenyewe baada ya siku kadhaa, umelowa mvua, bila viatu. Orpa hakukuhubiria. Alikupa jembe. Msimu mzima ulipanda maharage pamoja naye, na kila ulipotaka kuondoka shambani mmoja wetu alikuwa mstari wa pili, anapalilia. Hakukuwa na asubuhi moja. Zilikuwa asubuhi nyingi, zote mbaya, na katika kila moja kulikuwa na mtu aliyekasirika lakini hakuondoka.

Baadaye shirika lilikuja kutafuta mkimbizi maarufu aliyeacha pombe. Walikukuta shambani, wakakupiga picha, wakakupa kazi ya kuzunguka na kusimulia. Tulikupigia makofi, na tulikuwa na haki ya kupiga. Lakini tangu uingie kwenye gari lao, umekuja Juru mara chache, na kila mara umeondoka kabla jua halijazama. Kuimba hujaimba tena. Unasema tu.

CHANGAMOTO

Changamoto ni nyingi na maafisa wanazijua, kwa sababu huziandika kila mwaka. Waragi ya vipakiti inauzwa hatua chache kutoka mahali pa kugawia chakula. Mtu anapokea mahindi, anageuka, anayauza palepale, anarudi nyumbani na vipakiti mfukoni. Tumelalamika. Tukaletewa semina. Katika semina tuliambiwa pombe ni mbaya, jambo ambalo mke wa mlevi angeweza kuwaeleza bila projekta. Tulipewa soda na fulana zenye uso wako. Kuna jamaa hapa Juru amelala mtaroni wiki iliyopita akiwa ameivaa.

Muuguzi aliyekutibu anahudumia vijiji vingi kwa miguu. Wa kukaa na mtu anayejaribu kuacha, siku mbaya zile za mwanzo, hayupo. Tunafanya sisi wenyewe, na sisi tunalima.

Lakini changamoto iliyotufanya tuandike risala hii kwa hasira ni moja, na tumepata ruhusa ya mwenyewe kuitaja. Tulimuuliza kama ataona haya. Akajibu, "Musome tu. Mu Juru asiyejua ni nani?"

Ni Nestor.

Gita lilipokwenda, Nestor alifyatua matofali. Kwenye matofali watu wanalipwa jioni na wauza vipakiti wanawasubiri jioni hiyohiyo. Alianza na kimoja cha kuondoa uchovu. Sasa mikono yake inatetemeka mpaka anywe, na mke wake, Chantal, amewapeleka watoto kwa mama yake. Tulimfuata tukamwambia, njoo, tutakaa na wewe kama tulivyokaa na Pacifique, muuguzi atakupa dawa. Alikataa. Hakukataa kwa kiburi. Alituambia hivi:

"Hapana, munaniharakisha. Pacifique alisema redioni, ilimufikia asubui moja, akaacha. Hata yangu itafika. Miye niko nangoja."

Chantal akamwambia, "Pacifique alilindwa na batu! Nestor, ni wewe mwenyewe ulimulinda!"

"Ile ilikuwa zamani," Nestor akasema. "Yeye mwenyewe ameeleza. Ilikuwa kioo."

Amenunua kioo, mgeni rasmi. Kidogo, cha mkononi, cha kunyolea. Anajitazama kila siku akiamka, na hakuna kinachotokea, na hapo anaamini kwamba wewe una kitu ambacho Mungu amemnyima yeye. Ndipo anapoanza kunywa.

Hatusemi ulidanganya kwa ubaya. Labda hukumbuki. Mtu aliyekuwa anaona wadudu ukutani hawezi kukumbuka nani alimshika mkono. Labda kule mjini wanapenda hadithi inayoisha kabla ya tangazo la biashara. Lakini maneno yako yamefika kwa mtu mmoja tunayemjua kwa jina, na yanamuua.

MAOMBI

Kwa maafisa: wauzaji wa waragi waondolewe karibu na mahali pa kugawia chakula. Mtu mmoja afundishwe, alipwe, na akae Juru, asiwe anakuja na gari na kuondoka nalo. Fulana zinatosha.

Tunaomba pia gita. Aliyekuwa mpigaji tunaye bado, kwa sasa.

Kwa viongozi wa dini: msiwasimamishe walevi kanisani wala msikitini kuahidi mbele za watu. Wanaahidi, wanashindwa, halafu wanaona haya kurudi.

Kwako, ndugu yetu. Tunaomba Jumamosi ijayo useme redioni yaliyotokea. Sema ulianguka tena na tena. Sema kuna dawa, kuna muuguzi, na kwamba kuacha peke yako ghafla kunaweza kuua. Mtaje mzee Hudu, aliyekuonya ukamcheka. Mtaje mama Zakiah. Na dada yako, jina lake ni Orpa, lina herufi nne tu, halitamaliza muda wa kipindi. Kama mtangazaji atasema hadithi hiyo haiwapi watu moyo, mwambie sisi ndiyo iliyotupa moyo.

Ombi la mwisho tumelijadili sana, maana tunajua ratiba yako imeandikwa na wengine. Baada ya risala hii imepangwa utoe hotuba yenye kichwa Njia ya Ushindi, kisha picha, kisha chakula, kisha gari liondoke. Tunaomba usitoe hotuba hiyo. Nestor yuko hapa uwanjani. Amekataa kukaa nasi mbele. Ameegemea ukuta wa shule, amevaa kaunda suti ya kijani, mikono mfukoni ili isionekane. Amekunywa, lakini kidogo, kwa ajili yako. Yeye alilia akipiga wimbo wako mpaka mwisho ulipokuwa umelala kwenye keki. Tunaomba ushuke jukwaani, umwendee pale alipo, na umwambie yeye mwenyewe kwamba hakukuwa na kioo. Kisha ubaki Juru usiku huu na siku zinazofuata, uwe na zamu yako kama sisi. Muuguzi ameshakubali kuja kesho. Orpa amekutandikia mkeka.

Maafisa wakiuliza tutawaambia mgeni rasmi hajapotea, yuko kazini.

Mungu aliyekupitisha kule akulinde usirudi, amwonee Nestor huruma, awape mvua wakulima wa Juru na subira wale wote wanaokaa mlangoni kwa watu wao. Tumemaliza kusoma. Sasa tunanyamaza, nawe ukitaka kusimama, simama, tutakupisha njia.

Ni sisi ndugu zako,
Kikundi cha Muziki Amka Juru
Nakivale