Kesi Mbili za Merryn

Kwenye benchi la nje ya duka la mikate, mjini Wodonga, Australia, kahawa hununuliwa kwa zamu, na zamu ya Jaji huwa haifiki. Jaji si jaji. Aliitwa mara moja kukaa na raia wenzake mahakamani waamue kesi, akasinzia. Mwenzake ni Pampu, aliyeuza petroli maisha yake yote. Asubuhi hiyo Merryn alikuja akisukuma kigari cha mtoto, macho mekundu. Mimba ya mtoto huyo ilipoanza kuonekana, mwenye duka la maua alimfukuza kazi, na mbele ya wateja akamwita mwizi.

Pampu akasogeza kikombe chake, mvuke usimfikie mtoto.

— Kaa, binti. Nani kakuliza?

— Shemeji yangu. Anasema kufukuzwa kwa mimba ni sheria ya nchi nzima, naenda mahakama ya shirikisho. Kuchafuliwa jina langu ni sheria ya jimbo, naenda mahakama nyingine. Kuyasimulia yale mara mbili siwezi, Pampu. Nampigia wakili aliache la jina.

— Shemeji yako kasema kweli, alidakia Jaji. Fahali wawili hawakai zizi moja! Jaji wa shirikisho akisikia neno la jimbo, anatia pamba masikioni.

— Pamba gani? Wewe si ulilala?

— Nililala nikiwa nasikiliza!

— Nisikilize mimi, Merryn, alisema Pampu. Nenda katikati ya daraja la mto Murray. Mguu mmoja jimbo la Victoria, mwingine jimbo la New South Wales. Soma mashtaka yako hapo, hakuna jimbo litakalokugusa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!

Merryn alicheka, kisha akajifuta macho kwa kanga ya mtoto. Jaji alikuwa akikitikisa kigari kwa ncha ya kiatu.

Mama mmoja aliyekuwa akingoja basi, mkate kwapani, akageuka.

— Samahani, mwanangu. Alikuita mwizi siku gani?

— Siku ileile aliyonifukuza, mama. Kwa mdomo uleule.

— Sasa mbona ziwe kesi mbili?

Basi likaja, mama akapanda.

Merryn akampigia wakili, akamuuliza vilevile. Akasikiliza kwa muda mrefu.

— Anasema ndilo swali lenyewe. Mkasa ukiwa mmoja, na dai la shirikisho likiwa la kweli, si la kubandika, mahakama ile inaweza kubeba na la jimbo.

— Kwa hiyo utasimulia mara ngapi? Pampu aliuliza.

— Mara moja.

Alilisema polepole, kama anayelionja. Kisha akainama kwenye kigari, akamnong'oneza mtoto kwamba mama yake si mwizi.

Vikombe vilikuwa vitupu. Jaji akainuka bila kusukumwa na mtu, akajipapasa mifuko.

— Wewe unakunywa na sukari, Merryn?