Mkono Juu ya Kipanya

Assalamu aleikum, akina mama. Mmeniambia niwasimulie nilivyorudi kazini. Nitasema, lakini msitarajie asali, maana uchungu wenyewe haujaniisha.

Nilikuwa karani katika ofisi ya misaada hapa Garissa, iliyokuwa ikipeleka chakula kambi ya wakimbizi ya Ifo. Mume wangu alikuwa amefariki, na hooyo, mama yangu mgonjwa, na wanangu walikula kwa kazi ile. Kompyuta ya zamani niliiweza: kioo cheusi, maandishi ya kijani, kila kitu kwa vidole. Kisha miaka ile ya tisini wakaleta mpya, ya picha ndogondogo na kipanya.

Mwalimu akatoka Nairobi. Alifundisha kwa namna moja tu: anasimama nyuma ya kiti chako, anainama, anaweka kiganja juu ya mkono wako ulioshika kipanya, anausukuma. Mwanamume ajnabi, mbele ya watu! Nikauondoa mkono wangu.

"Nielekeze kwa mdomo," nikamwambia.

"Mama, hii haifundishwi kwa mdomo. Unataka kujifunza ama hutaki?"

Mwenzangu wa meza ya pili, mama mtu mzima, naye alikataa. Akaninong'oneza, "Wallahi abaayo, dada yangu, hata bwana yangu hashiki mimi hivi mbele ya watu."

Tukajaribu wenyewe. Kipanya kimejaa vumbi letu, mshale unaruka ovyo, barua moja inakula asubuhi nzima. Mkubwa akasema sisi hatutaki maendeleo. Mwenzangu akaachishwa kazi. Mimi nikapewa birika la chai, na nikaambiwa nikishindwa na hilo pia niende nyumbani. Ndugu zangu, nawaambia, nililia jikoni pale, na niliwachukia wote. Sifichi.

Ikaja Idd. Wifi yangu, karani Nairobi, akatutembelea, nikamweleza. Akashangaa. "Kwani lazima kipanya? Bonyeza Alt, menyu itafunguka. Kando ya kila kazi wameandika herufi zake."

Ijumaa iliyofuata, wanaume walipokwenda msikitini, nikakaa kwenye kompyuta. Control na S, kazi ikahifadhiwa. Control na C ikanakili, Control na V ikabandika. Alt na Tab, nikahamia dirisha jingine. Kipanya sikukigusa. Nikacheka peke yangu, halafu hasira ikanipanda: mambo yote haya yako kwenye kioo, na yule mwalimu hakutamka hata moja!

Walipotoka kuswali wakakuta barua za wiki nzima ziko tayari. Mkubwa akasema, "Kumbe unaweza." Basi. Pole sikupewa. Nikarudishiwa meza yangu.

Namshukuru Allah, namshukuru wifi yangu, na hooyo aliyeniombea dua kitandani. Na ninyi wenye kuajiri watu, mtu akikataa jambo, muulizeni anakataa nini kabla ya kumnyang'anya riziki. Sisi hakuna aliyetuuliza.

Mwenzangu sasa anauza maziwa ya ngamia sokoni. Ijumaa moja nilimwita ofisini nikamkalisha. Kabla wanaume hawajarudi alikuwa ameandika barua nzima, akaihifadhi, akaifunga.

"Ni hii tu?" akaniuliza.

"Ni hiyo tu, abaayo."

Akakitazama kile kioo. Kisha akabeba mitungi yake, akarudi sokoni kabla maziwa hayajaharibika.