Bi Shingo Anaondoka, na Bado Hasalimii

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa za kazi zitakapoisha, afisa ustawi wa jamii mwandamizi wa idara yetu atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake la kwenye hati ya mshahara mnalijua. La mtaani ni Bi Shingo, kwa sababu tangu mtaa huu upate lami hakuna aliyewahi kumwona akigeuza shingo kumsalimia mtu. Mkuu wa idara ameniagiza niandike wasifu wa heshima usiozidi kurasa mbili. Kwenye kurasa nitajitahidi.

Kamati ya sherehe nayo imeniletea maneno ya kutumia: mchapakazi, mwadilifu, mpenda watu. Mawili ya kwanza sina ugomvi nayo. Hilo la tatu nendeni mkaliulize genge la mboga lililo mbele ya geti letu, ambako hupita asubuhi na jioni, miaka nenda miaka rudi, macho mbele, mkoba kwapani, kama mtu anayewahi msibani.

Alianza kazi akiwa binti mwembamba, akapewa meza kwenye chumba cha mwisho, kile kinachopakana na choo, na mpaka leo yumo humo. Mimi nilikuja baadaye, nikapewa meza ya pili, na masharti nilisomewa kabla sijakaa. Mteja akiingia, wewe unatoka. Zawadi hatupokei. Mteja hatumkopeshi, hatumkopi, hatumpi namba ya nyumbani, hatuendi harusini kwake, na hatumtafutii mchumba hata awe mzuri kiasi gani. Kwenye hilo la mwisho nilicheka. Yeye hakucheka, nikajua kuna mtu alishalijaribu.

Kuhusu zawadi nitasimulia kisa kimoja tu, cha kuku. Mteja mmoja aliona asante ya mdomo haitoshi, akaacha mtetea kafungwa miguu chini ya meza ya Bi Shingo. Kumla ni kosa. Kumrudisha hadharani ni kosa kubwa zaidi, maana kila jicho litamfuata kuku mpaka kwa mwenyewe. Dereva wetu alijitolea kulibeba tatizo hilo hadi jikoni kwake, kwa moyo mweupe kabisa, akakataliwa. Mwisho kuku alitiwa ndani ya boksi la karatasi za mashine, dereva akatumwa kupeleka karatasi, na njia nzima akawa anakohoa kila boksi lilipolia. Alifika sauti imemkauka. Ndani ya boksi kulikuwa na yai, nalo likakabidhiwa.

Ndugu nao hawakupona. Wifi yake alipokorofishana na mumewe alikuja moja kwa moja chumba cha mwisho, akavua viatu, akajua kafika kwao. Bi Shingo alimpa maji ya kunywa, akampeleka kwa mwenzetu wa chumba cha tatu, akarudi kwenye kiti chake. Huwezi kumhudumia ndugu yako, basi. Wifi alinuna, ukweni pakawaka, ikasemwa kwamba cheo kimemlevya. (Ninalisema hili kwa ruhusa ya wifi mwenyewe, ambaye hulisimulia kwenye kila harusi.) Cheo chenyewe hakuwa nacho, lakini huko tutafika.

Sasa tuje kwenye shingo. Maadili ya kazi yetu yanasema ukikutana na mteja nje ya ofisi, usimkimbilie kwa salamu. Mwache yeye aamue kama anakujua. Akianza, itikia, asipoanza, pita, maana huenda yuko na mtu asiyetakiwa kujua kwamba mnajuana. Mwanzoni Bi Shingo aliufuata utaratibu huo kama ulivyo. Wateja aliwapita, watu wengine wote akawasalimia mpaka na watoto wao mgongoni.

Kumbe alikuwa anajichongea. Kinyozi aliye mkabala na geti letu, ambaye mdomo wake hufanya kazi kuliko mashine yake, aligundua kwamba huyu mama akimsalimia mtu, huyo hana kesi, akimruka, anayo. Ukawa mchezo pale kibarazani. Wanaume wazima na akili zao, povu kidevuni, wanashindania soda nani atarukwa leo.

Siku moja akarukwa mama mmoja kijana, pale pale kwenye genge. Kabla jua halijazama, wakwe zake walikuwa wameshaambiwa kwamba anakwenda ustawi kumshtaki mumewe. Kilichompata mtaa mzima ulikijua, kwa hiyo simwagi siri ya mtu: alifungiwa ndani, kisha akarudishwa kwao bila mwanawe. Kama kweli alikuwa mteja au hakuwa, Bi Shingo hajasema hadi leo. Nilichoona mimi ni kwamba habari zilipofika ofisini aligeuza kiti, akaukabili ule ukuta wa choo, akalia.

Kesho yake hakumsalimia mtu yeyote njiani. Si muuza mboga, si mkuu wa wakati ule, si mama mkwe wake aliyekuwa amesimama nje ya duka la vitambaa keshaitandaza mikono. Kama wote watarukwa, kinyozi atahesabu nini? Ukianza wewe, utaitikiwa vizuri sana, utaulizwa mpaka hali ya paka. Usipoanza, unapitwa. Hata mumewe, fundi saa mwenye kibanda mtaa huo huo, hupitwa. Jioni zote ni yeye anayeanza, na anadai ndiyo siri ya ndoa yao kudumu.

Watu walisema anaringa, anajiona, kasoma akasahau kwao. Yeye akaendelea kupita. Kisha akaja mwenye duka la dawa, mtu mwenye heshima zake, wa kukalia kiti cha mbele kila mkutano. Alipitwa mara kadhaa, akakumbuka mchezo wa kinyozi, akapandwa na hasira kwamba watu watadhani ana kesi ustawi. Akaleta malalamiko rasmi. Kipindi hicho kiti cha mkuu wa idara kilikuwa wazi, na kila mtu alijua nani atakikalia. Fundi rangi alishaitwa kukipendezesha chumba. Kamati ya nidhamu ikamwita Bi Shingo na kumpa njia nyepesi. Asimame kwenye mkutano wa mtaa, aseme neno moja tu, kwamba bwana huyu hajawahi kuhudumiwa na ofisi yetu. Akishasema, yamekwisha, na kiti ni chake.

Akakataa. Walipomuuliza kama basi bwana huyo ni mteja wake, alijibu kwamba hawezi kusema ndiyo wala hapana. Wakamwona jeuri. Akawaeleza taratibu kwamba leo akimsafisha huyu, kesho atakuja mwingine naye atataka kusafishwa, na yule atakayeshindwa kumsafisha atakuwa ameshamtangaza. Mimi nilikuwa nimekaa naye kama shahidi, nikamkanyaga mguu chini ya meza ili aseme tu tuondoke. Naye akanikanyaga, na viatu vyake vina kisigino.

Kiti kikaenda kwa mkuu wetu wa sasa, aliyehamishiwa hapa kutoka ofisi nyingine, ambaye tunampenda na ambaye yuko meza kuu, kwa hiyo naishia hapo. Bi Shingo akarudi chumba cha mwisho. Iliniuma sana, na nilidhani imeniuma kuliko yeye, mpaka siku aliponiambia kwamba ile rangi ya ukutani kwa mkuu aliichagua yeye.

Jumanne iliyopita nilimsaidia kubeba vitu vyake hadi kibandani kwa mumewe: birika, redio, na ua la kwenye kopo ambalo limevumilia harufu ya jirani yetu choo bila kufa. Tulipofika usawa wa duka la dawa, mwenye duka alikuwa mlangoni, mvi kichwa kizima, wanunuzi wamejaa nyuma yake. Bi Shingo akapita, macho mbele. Mzee akashuka ngazi, akamfuata, akamsalimia yeye kwanza, kwa sauti ya kufika hadi kwa kinyozi. Akamshukuru kwa siku ile alivyonyamaza. Akasema anajua alimkosesha kiti, na kwamba jambo hilo halimpi raha. Mashine ya kinyozi ikazimwa. Bi Shingo akaitikia, akamuuliza hali ya miguu, ya mkewe, ya wajukuu, akamwambia hana kinyongo naye, tukaondoka.

Kibarazani hapakukalika. Kuna wanaoapa kwamba mzee alikuwa mteja. Wengine wanasema mteja alikuwa mtu wa nyumbani mwake, na mzee alikuja kujua baadaye. Wengine wanasema ni uzee tu. Mimi niliyekaa naye chumba kimoja muda wote huu niliona nina haki yangu, nikamuuliza tulipofika kona. Akaniangalia kama nimemwomba namba ya siri ya benki, kisha akaniuliza kama birika si zito.

Kwa niaba ya idara tunamshukuru, na tunamwombea afya, usingizi wa asubuhi, na chumba kilicho mbali na choo. Dereva alitaka kumletea kuku, lakini kakatazwa. Nami nilimuuliza kama akishastaafu ataanza kusalimia watu, akasema kinachoisha ni mshahara, siri za watu zinabaki pale pale. Basi mkikutana naye njiani msimngoje. Anzeni ninyi, mliokuwa na kesi na msiokuwa nayo, wote kwa pamoja, kinyozi achanganyikiwe. Sisi wa idara tunaanza leo, mbele ya watu wote: shikamoo, dada yetu.